Saa ya Kikundi ni ya Mtu wa Mwisho

Hotuba ya kiongozi wa skauti kwa vijana wa Chipukizi na Mwamba (ngazi mbili za umri katika uskauti wa Kenya), wazazi wao na walimu walezi, jioni ya Ijumaa, kabla ya matembezi ya kila mwaka katika vilima vya Ngong

Mheshimiwa kamishna, walimu walezi, wazazi wenzangu, maafisa wa misitu mliokubali kutembea nasi kesho, na nyinyi vijana ambao naona pua zenu zimeshaelekea kule sufuria ziliko: itifaki imezingatiwa. Nitajitahidi kumaliza kabla ugali haujapoa, ingawa kwa hilo siweki ahadi ya skauti.

Kesho mtapita mgongoni mwa vilima hivi, kutoka lango la upande wa Ngong mjini hadi Kona Baridi. Mtalala huko, na Jumapili mtarudi kwa njia ya chini, upande wa Kiserian. Siku ya kwanza ni kilomita kama 11. Mtu mwenye mazoezi, mkononi chupa ya maji tu, huimaliza asubuhi na akarudi Nairobi kula chakula cha mchana. Kila mwaka hapakosi kijana wa kunikumbusha hivyo, huku amekunja mikono na kusimama kama bondia. Mimi humjibu kwamba sina shaka naye hata kidogo. Atafika. Ninachotaka kujua ni kama ataweza kufika na wenzake watano, na mmoja wao ana pumzi fupi, mwingine amevaa viatu vya kuazima, na wa tatu hakulala usiku kwa sababu ya kupiga soga hemani.

Kwa hiyo sikilizeni kanuni ya mwaka huu, maana kesho asubuhi sitairudia. Saa ya kikundi haisimami mpaka mtu wa sita avuke kamba. Watano wakitangulia nusu saa, wakakaa chini ya mti wakala njugu, hiyo nusu saa si yao. Na kikundi kitakachofika kituoni kikiwa kimeachana, huyu hapa na yule bado hata haonekani, kitazuiwa pale mpaka kikamilike, na alama zitapungua. Najua wapo wanaoona kanuni hii inawaonea wenye nguvu. Naomba niwaeleze ilikotoka.

Kule Uingereza, katika milima ya Derbyshire, maskauti wana matembezi yao ya kila mwaka yanayoitwa Four Inns. Yalianza mwaka 1957, na jina lake linatokana na nyumba nne za wageni zilizokuwa njiani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 60, usiku na mchana, juu ya nyika yenye matope na mboji. Washiriki ni skauti wa umri mkubwa, ambao sisi tungewaita Jasiri. Mwezi Machi mwaka 1964, tarehe 14 na 15, hali ya hewa iligeuka wakiwa njiani. Mvua ikanyesha ikichanganyika na upepo mkali wa baridi. Walioanza walikuwa 240. Waliomaliza walikuwa 22. Vijana watatu walikufa kwa baridi.

Nataka mlisikie vizuri neno hilo, kwa baridi. Hawakuanguka kwenye genge, hawakupigwa na radi, hawakuliwa na mnyama. Walikuwa vijana wenye afya, waliozoea kutembea.

Mtaalamu mmoja wa namna mwili unavyofanya kazi, Griffith Pugh, aliyekuwa katika msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953, alilichunguza jambo hilo na mwaka huohuo akachapisha matokeo yake katika jarida la kitabibu la Lancet. Aliyoyaonyesha yanafaa kuandikwa kwenye kila hema hapa. La kwanza, nguo ikishalowa na upepo ukaipiga, sehemu kubwa ya joto iliyokuwa ikilinda hupotea, hata kama ni sweta nene iliyofumwa na shangazi. La pili, na hili ndilo lililobadilisha namna yangu ya kuongoza vijana: anayetembea kwa kasi hutengeneza joto. Misuli yake inafanya kazi, mwili unachoma chakula, na hata akiwa amelowa chapachapa anaweza kustahimili. Aliyechoka hupunguza mwendo. Akipunguza mwendo, joto linalotengenezwa mwilini hupungua. Joto likipungua misuli hukakamaa, na mwendo hupungua zaidi. Hapo ameingia kwenye mteremko ambao hawezi kujitoa peke yake.

Sasa nyinyi wenye mbio fikirini. Mko mbele, mnatokwa jasho, mmefungua zipu za makoti, mnaona hali ni shwari. Mnapima hali ya hewa kwa miili yenu. Nyuma, mita mia tatu, katika ukungu uleule na upepo uleule, mwenzenu yuko katika hali ya hewa nyingine kabisa. Yeye anaganda. Na hakuna wa kumwona, kwa sababu mmemwacha.

Baada ya msiba ule, mwaka huohuo wa 1964, vikosi vya uokoaji vya eneo lile viliunganishwa chini ya chombo kimoja ambacho kipo hadi leo. Na maskauti wa Derbyshire hawakuyafuta matembezi yao. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Ingekuwa rahisi kuwakataza vijana milima na kuwafungia ukumbini wafunge mafundo ya kamba.

Kuna atakayesema: huko ni Uingereza, sisi tuko karibu na ikweta. Haya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lamwia, kirefu kuliko vyote mtakavyopita kesho, ni mita 2,460. Kwa kawaida hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii kwa kila mita 100 unazopanda. Pigeni hesabu wenyewe: ni kama digrii nne chini ya mtaani kwenu, kabla upepo haujaanza. Na kuhusu upepo sina haja ya kuwahubiria. Ile mitambo mirefu myeupe mnayoiona kule juu ikizunguka, kampuni ya umeme ya KenGen haikuisimamisha pale iwe pambo. Inazalisha umeme wa megawati 25.5 kutokana na upepo huohuo utakaowapiga masikioni. Na mahali mnapokwenda kulala, waliopatia jina waliona nini? Kona Baridi. Wazee hawakuwa wakitania.

Ndiyo maana jioni hii, kabla ya chakula, mikoba yote imefunguliwa, na baadhi yenu mmenuna. Suruali za jinzi zimerudishwa kwa wazazi. Jinzi ikilowa huwa nzito, hunata mapajani, na haikauki hadi kesho kutwa. Kila mmoja awe na koti la mvua lisilopitisha maji kweli, si lile la kung'aa tu. Awe na sweta, soksi kavu na fulana kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito, na hizo hazivaliwi mpaka jioni, hata ukiona wivu kwa mwenzio aliyebadilisha. Maji lita tatu, kwa sababu juu kule hakuna mto. Tochi. Filimbi. Kijana mmoja nimemkuta na chupa ya manukato na kioo cha kuchania nywele, lakini hana koti. Sitamtaja. Anajijua, na koti tumemtafutia.

Na chakula kiwe cha kula mkitembea. Chapati iliyokunjwa na kupakwa siagi ya njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, kipande cha sukari nguru mfukoni. Msingoje njaa. Ukishasikia njaa kwenye baridi, umechelewa.

Viongozi wa vikundi, sogeeni mbele kidogo, maana maneno haya ni yenu hasa. Wengi wenu mna miaka kumi na mitano, kumi na sita. Kesho mtapewa ramani, dira na watu watano, na mtu mzima hatakuwa kando yenu akiwanong'oneza. Atakuwa kituoni, au nyuma kabisa. Kwa hiyo mjue kupanga muda. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukichukua kilomita zenu 11 ukaongeza kupanda vilima vyote vile, karatasi itakuambia saa tatu na kitu. Msiiamini karatasi hiyo. Naismith hakuwa amebeba sufuria, hema na mtoto wa Chipukizi anayetaka kwenda haja kila baada ya robo saa. Panga saa tano au sita, na ukifika mapema, utakaa utazame Bonde la Ufa. Kukiwa kweupe utaona milima ya Suswa na Longonot, na huo ni utajiri ambao anayekimbia hauoni.

Halafu mpangilio wa kutembea. Aliye taratibu kuliko wote hawekwi nyuma. Awekwe wa pili. Nyuma kabisa aweko mwenye nguvu, na kazi yake ni moja: pasiwe na mtu nyuma yake. Miaka ya nyuma niliwahi kukaa kituo cha katikati, kwenye kile kibonde kati ya vilima viwili, ukungu umeshuka mpaka hatuoni nguzo za mitambo, tunasikia mapanga yake tu yakikata hewa. Kikatokea kikundi kimoja, wote sita, mkono wa huyu umegusa mkoba wa yule. Kiongozi wao alikuwa msichana mdogo wa umbo. Mgongoni alikuwa na mkoba wake, na kifuani amening'iniza mkoba mwingine. Mwenye mkoba ule alikuwa kijana wa pili kwenye mstari, mkubwa kwake kwa kimo na kwa kilo, midomo imepauka. Yule msichana hakuniambia lolote kuhusu mzigo. Aliomba maji ya moto, akamimina chai, akamshikisha kijana kikombe kwa mikono miwili, akasimama mbele yake mpaka kikaisha. Kisha akamwuliza maswali: jina la mama yako nani? Leo siku gani? Tulianzia wapi? Kijana alijibu yote, lakini kwa kuchelewa. Msichana akanigeukia akasema, «Mwalimu, sisi tunashukia hapa.»

Walikuwa wa pili kwa muda siku hiyo. Wangeweza kushika nafasi ya kwanza. Walishuka.

Nataka viongozi wote wajue kwamba maneno yale yanaruhusiwa. Tunashukia hapa. Hayahitaji kibali changu, wala cha kamishna, wala cha mzazi aliyelipa ada. Katika kila kibonde kuna njia ya kuteremka upande wa mashariki kuelekea barabarani, na ramani zenu zimewekwa alama nyekundu kwenye njia hizo. Anayeshuka ataandikwa «ameshuka». Hataandikwa «ameshindwa», na mwalimu mlezi yeyote nitakayemsikia Jumatatu akitumia neno hilo mbele ya darasa, nitakuja shuleni kwake mimi mwenyewe, kwa heshima zote.

Dalili za kuangalia ndizo zile alizoziangalia msichana yule. Mwanzo mtu anatetemeka, na hilo ni jambo jema bado, mwili unapigana. Kisha anaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Anaangusha vitu. Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza kabisa, na akisema ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi. Mkimwona wa namna hiyo msimwambie ajikaze. Neno «jikaze» limewaua watu wengi milimani, na sisi Wakenya tunalipenda mno. Mwingizeni ndani ya hema au mfuko wa dharura, mbali na upepo, mvueni nguo za maji, mvisheni kavu, mwekeni kitu chini yake kati ya mwili na ardhi, na mwenzake aingie kando yake. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Kisha filimbi: mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia filimbi tatu, ujue umesikiwa. Kila kikundi pia kina simu moja ndani ya bahasha iliyogundishwa. Bahasha ikifunguliwa kwa ajili ya mgonjwa, mmefanya vyema. Ikifunguliwa kwa ajili ya kupiga picha, tutazungumza.

Wanyama? Nyati wapo, ndiyo, hasa kwenye vichaka vya mabondeni. Ndiyo sababu maafisa wa misitu wapo nasi na ndiyo sababu hamwendi kuchuma kuni. Hilo limekwisha.

Wazazi wenzangu, sasa niwageukie nyinyi. Mama mmoja amenishika mkono pale getini akaniuliza, «Mwalimu, njiani watakuwa na nani?» Ni swali la haki, na jibu lake halipendezi sana: watakuwa wenyewe kwa wenyewe. Tutawaona katika kila kituo na kuandika saa waliyopita. Kikundi kikichelewa kuliko muda wake, mtu anaondoka kituoni kukifuata, na mwingine anapanda kutoka kituo cha nyuma. Gari liko barabarani, na huduma ya kwanza ipo. Lakini kati ya kituo na kituo, ramani iko mkononi mwa mtoto wako, si mkononi mwangu.

Jambo hili ndilo uskauti ulianza nalo. Baden-Powell, mwanzilishi wake, alipowakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, Agosti mwaka 1907, wengine watoto wa matajiri na wengine wa mafundi, aliwagawa katika vikundi vinne, kila kikundi na kiongozi wake kijana, na kiongozi huyo akapewa madaraka ya kweli. Mzee mwenyewe alikuwa askari wa dola ya Kiingereza, na kuna kurasa za maisha yake ambazo sisi Waafrika inatupasa kuzisoma kwa macho makavu. Hata pembe ya tandala aliyokuwa akiipuliza kuwaamsha wavulana wale aliipata vitani Matabeleland, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1896. Kwa hiyo uskauti wa Kiingereza uliamshwa na pembe ya Kiafrika kabla ya kuja kwetu mwaka 1910, na sisi tunaosikia kwamba ni mambo ya wazungu tunaweza kulitia hilo mfukoni. Maisha yake alikuja kuyamalizia hapa hapa Nyeri, Januari mwaka 1941, na wengi wenu mmesimama kwenye kaburi lake mwezi wa Februari. Lakini wazo lile la Brownsea, la kumwachia kijana kazi nzima badala ya kipande chake, halina kabila wala dola. Bibi yangu alimpa mama yangu ng'ombe wa kuchunga akiwa na miaka minane.

Baba mmoja naye amenilalamikia kwamba mwanawe ni mwepesi, amefanya mazoezi miezi mitatu, na amewekwa kwenye kikundi cha watoto wazito. Baba, ni kweli. Nimefanya makusudi. Mwanao anajua kukimbia. Kesho atajifunza kusimama, akasubiri, asikunje uso. Kwa umri wake, hilo la mwisho ni gumu kuliko Lamwia.

Kuna matembezi mengine kule Uingereza ya vijana wa kati ya miaka 14 na 19, kwenye nyika ya Dartmoor, yanayoitwa Ten Tors. Yalianza mwaka 1960 na jeshi ndilo linaloyasimamia. Huwa na vijana wapatao 2,400 katika timu za watu sita sita, na maskauti wamo. Njia fupi kuliko zote ni ya kilomita 56 kwa siku mbili, na ndefu kuliko zote ni 88. Siwatajii ili mjione wadogo. Nawatajia kwa sababu pia huko, mwaka 1996 na tena mwaka 2007, hali ya hewa ilipochafuka, jeshi zima lenye helikopta na magari liliamua kuyakatisha. Kama jeshi linaweza kusema inatosha, kiongozi wa kikundi mwenye miaka kumi na sita anaweza kusema inatosha.

Basi utaratibu wa asubuhi. Kuamka ni saa kumi na moja. Chai na mayai saa kumi na moja na nusu, na asiyekula haondoki, hata awe nani. Hema zikunjwe, eneo lisafishwe mpaka vifuniko vya chupa, na takataka zenu mnazibeba wenyewe mpaka mwisho. Kikundi cha kwanza kinatoka saa moja kamili, na vingine vinafuata kwa kupishana dakika kumi, ili msitembee kama msururu wa kwenda sokoni. Kura imepigwa, orodha imebandikwa pale kwenye mlango wa jiko. Kituo cha mwisho kinafungwa saa tisa alasiri, na kikundi ambacho kitakuwa hakijakipita kitashushwa kwa gari bila mjadala. Viongozi wa vikundi wabaki nami dakika tano kwa ajili ya ramani. Wengine nendeni mkale, na mnawe mikono kwanza.